Mbwa Aliyesingizia Upepo

...na kitabu hiki nacho cha theluji, Mungu wangu, theluji tena, kila katoni ikija kutoka mjini lazima ndani yake awemo mtoto wa kofia ya sufu anaviringisha theluji, na huku kwetu watoto wakiona wingu tu wanatoka madarasani mbio, nani atacheka na theluji, kiweke pembeni, namwonyesha kwa kidole, pembeni kule, na Mwalimu Imogen anaelewa, siku hizi anavielewa vidole vyangu, "Hiki hapana? Haya, Mama, hapana," anakilaza juu ya kile cha kupiga mswaki, ambacho nacho nimekikataa hata sijakifungua, maana kitabu kinachomwambia mtoto fanya hivi usifanye vile si kitabu hicho, ni shangazi, na mashangazi watoto wetu wanao mpaka wa kugawa, mimi nataka kitabu kinachomfanya mtoto acheke kabla hajafika ukurasa wa tatu, akipita hapo hajacheka basi umempoteza, kashaenda kurusha mawe, na kipimo changu kinajulikana chumba hiki chote cha vitabu, kitabu kikirudi kizima, kisafi, kina harufu ya duka, ujue hakijasomwa, kikirudi hakina jalada, kina mafuta ya nyama na alama za meno ya mtoto mchanga, hicho ndicho, leta kingine cha namna hiyo... zamani ningelisema yote haya kwa mdomo, na kwa kelele, nilikuwa nikiwasomea hapa mpaka mbwa wa nje wananyamaza wasikilize, sasa mdomo umefungwa, umefungwa tangu tumzike binti yangu, mama aliyefiwa hatamki neno mpaka ndugu waje wamfungue, mikono ndiyo inayosema, mama yangu alikaa hivyo kwa ajili ya mdogo wangu na bibi yangu vilevile kabla yake, wala si adhabu, Mwalimu alidhani ni adhabu, alipofika mgeni aliniuliza kwa huruma, "Mama, wamekukataza?" na Nakamarra, wifi yangu huyu, mke wa kaka yangu, ambaye mdomo wake haujui kupumzika hata akiwa amelala, akamjibu kwa niaba yangu, "Nani amkataze huyu? Kanyamaza mwenyewe, na sisi tumepata kupumua!" akacheka peke yake, kisha akajipangusa macho kwa kiganja, nilimwona.

"Cha chura?" Mwalimu anauliza, "cha chura kinachekesha, Mama, angalia anavyomeza pikipiki," na kweli anaimeza, chura wa watu, tumbo limechukua umbo la usukani, si kibaya, ngoja nifikirie, lakini Mwalimu hanitazami mimi, anamtazama jaja kwa pembeni ya jicho, sote tunamtazama yeye kwa pembeni ya jicho, mjukuu wangu, binti wa binti yangu, mimi namwita jaja na yeye ananiita jaja, ndivyo sisi Wawarlpiri wa jangwa hili la Australia tunavyoitana bibi na mjukuu, kakaa pale kanipa mgongo, nyayo nyekundu kwa vumbi, anachimbua uzi wa zulia kwa kidole, na katoni yote hii imekuja kwa ajili yake, Mwalimu hakusema hivyo, alisema ni kwa darasa la wadogo, lakini mimi si mjinga, tangu mama yake aende mtoto huyu hashiki kitabu, ukimpa anakitupa, ukimfungulia anakifunga, wiki ile alikitupa cha samaki dirishani kikaangukia ndoo ya maji, yeye huyu, aliyekuwa akilala na vitabu chini ya ubavu wake mpaka asubuhi vina joto kama mikate, darasani wenzake wanasonga mbele yeye amekaa palepale anachimbua zulia, na Mwalimu kila jioni anamwambia Nakamarra, "Tukimpata kwa kitabu kimoja tu, kimoja tu kinachomfurahisha, atarudi," kitabu kimoja tu, kana kwamba hatukijui, kila mtu humu ndani isipokuwa yeye anakijua kitabu anachokitaka huyu mtoto, hata kabati linakijua.

Kabati la chuma lile kwenye kona, ufunguo uko shingoni mwa Nakamarra, humo ndimo vinamokaa vitabu vya waliotangulia, walioviandika na walioandikwa humo na wale ambao picha zao zimo, tunaweka karatasi nyeusi juu ya uso, karatasi nyeusi juu ya jina, kisha tunafunga, si kwamba tunawasahau, nani anaweza, ni kwamba hutaki kufunua ukurasa ukiwa unatafuta mengine ukakutana na uso wake ghafla, na yeye naye aachwe aende zake asiitweitwe, hata jina lake hatulitamki tena, hata mwenye jina kama lake kule karakana anaitwa kwa njia nyingine siku hizi, na chake kimo humo, mwanangu, alikichora mezani pale pale, na tumbo kubwa la mimba ya huyu huyu jaja likimsukuma mbali na meza, ndiyo maana picha zote zimelala upande, Nakamarra alikuwa akimtania, "Mbwa wako mlevi, mwanangu, msimamishe," naye anasema, "Si mbwa mlevi, ni mtoto anapiga mateke," na mbwa mwenyewe alikuwa mbwa wangu mimi, yule mwizi, sikio moja limechanika, aliyeiba mkia wa kangaruu motoni siku ya wageni, akaiba kiatu cha mjomba, akaiba mpira siku ya fainali uwanja mzima ukimfukuza, na kila akiulizwa, kitabuni, nani amechukua, anainua macho, kitu chenyewe kimo mdomoni, anasema, "Mimi? Upepo huo!" na watoto wote wanapiga kelele pamoja naye, upepo huo!, mwanangu alikuwa akijibana pua kwa vidole viwili kuitoa ile sauti ya mbwa, sauti ya kipuuzi, ya puani, mtu mzima mwenye akili zake anajibana pua mbele ya watu... nakala zetu za kitabu hicho zote zilikwisha meno na mafuta, imebaki moja, ile ya kabatini.

Na asubuhi hii mwanangu wa kiume amekuja mpaka kwenye uzio wa kambi ya wanawake tunakokaa msiba, Jupurrurla, ndugu yake yule, mjomba wa mtoto, hakuingia, akasimama kule ameshika kofia, "Mama, tumeongea na wazee, kile kitabu cha mbwa, tumekuachia wewe, ukitaka kitoke kitoke, ukitaka kikae kikae, hakuna atakayekuuliza," na mimi nikamjibu kwa mkono, bado, akasema, "Bado mpaka lini, Mama? Mtoto anaharibikiwa," nikamfanyia tena, bado, akavaa kofia akaenda, na tangu hapo ile 'bado' imenikaa mkononi inaniwasha... ni kwa ajili ya mtoto, namwonea huruma mtoto, utamwekeaje mbele yake mistari ya mkono wa mama yake, kila nywele ya mbwa yule aliichora yeye, mtoto ataumia, atalia usiku kucha nami nitambembeleza kwa nini, kwa vidole?, gizani vidole havionekani, la, kikae, anunuliwe chura, chura hajamfia mtu...

"Au hiki cha lori?" Mwalimu amechukua kingine, chura mkono wa kulia, lori mkono wa kushoto, "lori linaona aibu kwa sababu halina honi, Mama, kwa hiyo linapiga chafya, watoto watapenda kupiga chafya," eh, watapenda, huyu msichana anajitahidi, ana moyo, amekuja mbali na kwao na ngozi imembabuka pua yote, nampenda, lakini nikimwona anavyofunua kurasa namwona yule mwingine, mwanangu, siwezi kujizuia, namwona kule mjini kwenye kiti chake kando ya ile mashine ya kusafisha damu, maana figo zilipokataa ilibidi akae kule kule, mbali, kilomita zote zile za vumbi na lami, na simu jioni, jaja akingoja simu chini ya meza yangu ya jikoni, kitabu kimefunguliwa mapajani, simu kaibana kwa bega kama mama mtu mzima, na sauti inatoka mle, "Uko tayari? Fungua kwanza, pale anaponusa moto," na mtoto anafungua, anafunua mwenyewe kila akiambiwa funua, na nyuma ya sauti mashine inalia ti, ti, ti, mama anasoma kule, mtoto anafunua huku, wakifika kwenye upepo wanasema pamoja, mmoja kabana pua mjini na mmoja kabana pua chini ya meza yangu, na mimi nakanda unga wa mkate nasikiliza, nakasirika hata, nasema, "Nyie hamchoki na mbwa huyo?" wakasema hapana, wote wawili, kwa mpigo... hawakuchoka, mashine ndiyo iliyochoka, au yeye, sijui, waliniambia kwa maneno mengi ya daktari nikashika mawili tu.

"Jamani!" ni Nakamarra huyo, ananitoa huko, kashika bati la biskuti analitikisa, "biskuti za chai ya Mwalimu zilikuwa zimejaa humu, nimezifungua mwenyewe, nani kachukua? Wifi, ni wewe? Huna mdomo wa kusema lakini wa kula unao!" Mwalimu anacheka, "Mimi sijagusa," anasema, na chura na lori bado mikononi, nami nainua viganja vyangu vitupu nimwonyeshe, na Nakamarra anazunguka, anaweka mikono kiunoni, anamtazama jaja, na jaja bado kanipa mgongo lakini shavu limevimba, chenga zimemjaa begani mpaka kwenye zulia, "Napangardi," anamwita Nakamarra kwa jina lake la ukoo, sauti ya mahakama, "nani amechukua biskuti?" na mtoto anageuka, taratibu, anainua macho, biskuti nyingine imo mdomoni nusu nje, anainua vidole viwili, anajibana pua... "Mimi? Upepo huo!"

Puani, ya kipuuzi, ile ile, na ule mvuto kidogo mwishoni, upeeepo huo, ambao hakuna aliyemfundisha, ni wake yule, ni wake kabisa, humu chumbani, mchana kweupe, ametoka wapi, na Nakamarra bati limemganda mkononi, amejifunika mdomo, anatafuta macho yangu, amekosea mtoto?, amemwita aliyekwenda?, na Mwalimu masikini anacheka kwa furaha, hajui, anadhani ni biskuti, na jaja akiona nyuso zetu anashusha vidole, anaacha kutafuna, ananitazama mimi, mimi hasa, jaja, macho yale, anangoja nimwambie kama amefanya kosa... na mimi kwa kuwa sauti ninayo tumboni yote, miezi yote hii, inapanda, uwii, inapanda mpaka hapa kooni, naumauma mdomo, si kilio, nilidhani ni kilio, ni kicheko, kicheko jamani, mimi na msiba wangu, natingishika mabega kama bibi mwenye kwikwi, na machozi yanatiririka humo humo, uchungu na kicheko kwenye shavu moja, mwanangu we, mwanangu we, umemwachia mtoto pua yako.

Na ndipo ninapoona, na ninaona haya kuona, si mtoto niliyekuwa namkinga, mtoto hana shida na kitabu kile, anakitaka, analia kwa kukikosa, ni mimi, mimi ndiye niliyefunga, nilijiambia maadamu kimelala mle gizani basi sauti nayo imelala mle, nzima, haijasomwa na mwingine, haijachakaa, nikikitoa wataking'ata na kukipaka mafuta na kukichana mpaka kiishe, na kikiisha amekwisha, hiyo ndiyo hofu yangu yote, mama mzima naogopa meno ya watoto, na kipimo changu je, mchaguzi wa vitabu mimi, kitabu kizima kisafi maana yake nini... kumbe sauti haikuwamo kabatini hata siku moja, ilikuwa imekaa kwenye koo la huyu, inakula biskuti za Mwalimu.

"Kwa hiyo, Mama," anasema Mwalimu, anajipangusa macho kwa kicheko, bado ameviinua, chura kulia, lori kushoto, "kipi?" na Nakamarra hajasogea, ufunguo unaning'inia shingoni mwake, na jaja bado ananitazama na biskuti yake, na mkono wangu uko gotini pale ulipokuwa, lakini ile 'bado' imeshatoka ndani yake, sihisi tena ule muwasho, vyote viwili, Mwalimu, weka chura na lori, watoto wanastahili kucheka, ila huyu ana chake, kile cha kabatini, kitoke leo, na usiniulize nani atamsomea nami sina mdomo, hatasomewa huyu, atasoma mwenyewe, abane pua apige kelele, sauti anayo yeye, mimi mikono ninayo, nitamfunulia kurasa.