MC Aingia LinkedIn

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kujisifu. Najua sentensi hiyo inavyosikika, hasa ikitoka kwa mtoto wa mwalimu wa Usangi, lakini ndivyo ilivyo. Mtu anaitwa kwenye usaili, kazi anaijua kuliko hao wanaomhoji, halafu akiulizwa amefanya nini miaka yote hiyo anatazama viatu vyake na kusema alijitahidi kidogo, Mungu akasaidia. Mimi nakaa naye wiki nne mpaka aviache viatu. Hapa London wanauita ukocha. Mama mkwe wangu kule Iringa ameambiwa mimi ni kocha, na mpaka leo anauliza ni timu gani.

Kasoro ilikuwa moja tu, sikuwa na mteja. Watu wa kanisani na rafiki zao nilikuwa nimeshawasaidia ishirini na watatu, wote bure, na kumi na tisa kati yao walipata kazi. Kwa hiyo Januari nikaacha kazi yangu ya kupanga zamu hospitalini, nikamwomba Evans mume wangu anivumilie miezi mitatu, nikahamia LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, kutafuta watu wa kunilipa. Miezi ikakatika bila mtu. Kisha Marion, bosi wangu wa zamani, akanipigia kusema nafasi yangu bado iko wazi, ila anataka jibu Ijumaa saa sita mchana. Nikamwahidi Evans kwamba asipopatikana mteja mmoja kabla ya saa hiyo, mmoja tu, narudi. Ofisi ile haina dirisha.

Si kwamba sikuandika. Niliandika kila asubuhi, kwa Kiingereza changu kilichopigwa pasi. Niliandika kwamba kwa neema ya Mungu na msaada wa wenzangu wengi nimejaliwa kushiriki, kwa sehemu ndogo, katika safari za baadhi ya watu. Waliopenda walikuwa wanne: Evans, mchungaji, mwanamume mmoja anayeuza bima, na mimi mwenyewe, kwa kubonyeza vibaya.

"Unaandika kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni," Evans aliniambia.

"Sasa nisemeje?"

"Sema wewe ni mkali. Si ndiyo unawafundisha watu?"

Nikajaribu. Niliandika kwamba mimi ni hodari, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena, nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi. Ndiyo, niliona aibu, na niliona aibu zaidi kwa kuona aibu. Lakini kwetu mtu hajitambulishi mwenyewe. Ukienda harusini, hata kama ukumbi mzima unakufahamu, unakaa kimya kwenye kiti chako mpaka mwenye maiki aseme wewe ni nani, ndipo unasimama na kupunga mkono kama vile umeshtukizwa.

Hapo ndipo nilipopata akili, au niliyodhani ni akili. LinkedIn wana sehemu ambapo mtu mwingine anaandika sifa zako. Nikampigia binamu yangu Ulimboka, fundi umeme Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ni MC wa nusu ya harusi za Watanzania wa mji huu.

"Kaka, naomba uniandikie recommendation. Mistari mitatu tu."

"Ya nini?"

"Ya kuwaambia watu kazi ninayofanya."

"Kukutambulisha, yaani."

"Eeh. Kunitambulisha."

"Dada Elinaja, hilo niachie mimi," akasema. "We nitumie CV."

Nikamtumia. Mtu mzima, mwenye akili zangu, nikamtumia CV mshereheshaji wa Kitanzania, nikategemea mistari mitatu.

Jumatano mchana nilikuwa Kilburn High Road kwenye foleni ya samaki, simu ikaanza kutetemeka na haikuacha. Nikaifungua. Ilikuwa video aliyoiweka Ulimboka asubuhi hiyo: Jumamosi iliyopita, yeye ukumbini Southall, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa watu, amevaa suti ya zambarau, CV yangu mkononi. Alikuwa amewaomba wenye shughuli dakika mbili na nusu, nao wakampa, maana nani atamkatalia MC. Alizungumza nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kama anavyofanya siku zote upande wa bwana harusi ukiwa na watu wasiojua Kiswahili.

"Mabibi na mabwana, naomba tusimame," alisema, na watu mia mbili wasionijua wakasimama na sahani zao. "Leo kuna mmoja namtambulisha. Hayupo ukumbini, ila heshima yake ipo. Elinaja, binti wa Mwalimu Eliamini wa Usangi. Miaka kumi na mmoja hospitalini, theluji imeanguka, treni zimegoma, yeye yuko kazini. Amewanoa watu ishirini na watatu, kumi na tisa wana kazi. Hao wanne waliobaki," akashusha sauti, "waliolewa." Hilo alilitunga. "Kama unaogopa usaili, nenda kwa dada yangu. Kama usaili unakuogopa wewe, nenda pia. Matarumbeta, tafadhali."

Matarumbeta yakalia. Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi harusi mtarajiwa, masikini, akapunga leso. Na yote hayo yakawekwa LinkedIn, mbele ya madaktari, mameneja na kila mtu niliyewahi kufanya naye kazi, huku jina langu likiwa juu kabisa.

Niliondoka bila samaki. Nilimpigia Ulimboka nikiwa nimesimama barabarani.

"Ifute."

"Nifute nini, dada? Watu elfu nne wameshaangalia."

"Ulimboka, ile ni sehemu ya watu wa kazi."

"Na mimi nilikuwa kazini."

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira ya kuweza kubeba friji. Nyumbani nikajifunika blanketi kichwani, na Evans, aliyetoka zamu yake ya uuguzi, akakaa pembeni ya kitanda kunisomea maoni. Watu walinipongeza kwa ndoa. Wengine waliuliza kadi zinapatikana wapi. Bwana mmoja wa Reading aliuliza kwa adabu kama nimeposwa, na Evans akamjibu kwamba ndiyo, miaka kumi na minne iliyopita. Saba walitaka namba ya MC. Kwa mbali nikaanza kucheka chini ya blanketi, na nikishaanza sina breki.

Katikati ya hizo hongera zote, Mama Damyanti alikuwa ameandika. Ni mzaliwa wa Moshi, mwenye duka la vitambaa kule Neasden, na hana kawaida ya kusifu. "Huyu alimfundisha mkwe wangu Kavita jikoni kwangu, Jumapili nne," aliandika. "Kavita alikuwa hawezi kusema jina lake bila kuomba samahani. Sasa ni meneja, na mimi ndiye naomba samahani. MC hajasema uongo." Evans alisoma mara mbili, mara ya pili polepole. Nikatoka kwenye blanketi.

Alhamisi ikaisha bila mteja. Saa moja jioni ukaingia ujumbe wa mtu anayeitwa Tom, mhandisi wa mabomba ya maji, Mwingereza. Alitaka tuzungumze kesho yake saa tano na nusu asubuhi, kwa sababu ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo. Nikamjibu sawa. Usiku ule sikulala, na Evans naye hakulala kwa sababu yangu.

Saa tano na nusu uso wa Tom ukatokea kwenye kompyuta, mwekundu, tai imekaa upande. Alisema video ameitazama mara kumi na moja, na mke wake, mwerevu kuliko yeye, mara sita. Amefanya kazi miaka ishirini na wenzake wazuri sana, sasa bosi wake, mtu mvumilivu, amemwambia aandike ukurasa mmoja kuhusu mafanikio yake ili apandishwe cheo. Hii ni wiki ya tatu. Mpaka sasa ameandika jina lake na tarehe.

"Sijawahi kumwona mtu akisifiwa namna ile," alisema. "Yule bwana anasema wewe ni bora. Ni kweli?"

Evans alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha mkate, hatafuni. Nilisikia jibu langu la siku zote likipanda kooni, tayari kabisa: ni binamu yangu huyo, anatia chumvi, mimi najitahidi tu. Saa ya ukutani ilikuwa tano na dakika arobaini na moja.

"Ni kweli," nikasema. "Na kuna jambo hakulisema. Mtu akianza kujificha mimi namwona kabla yeye mwenyewe hajajua. Wewe umeshajificha mara tatu tangu tuanze. Umeniambia wenzako ni wazuri, mke wako ni mwerevu, na bosi wako ni mvumilivu. Kuhusu wewe nimeona tai tu."

Tom akainama akaitazama tai yake. Nikajua nimeiharibu, nimemtukana mzungu wa watu saa yenyewe inakwisha. Kisha akacheka, akacheka mpaka miwani ikamdondoka, akaipapasa mezani akiwa bado anacheka.

"Tunaanza lini?" akauliza.

"Jumatatu."

Akajaza fomu yangu ya mteja na malipo palepale, nikiona jina lake linavyoingia, herufi moja moja. Alipokata nilipiga ukelele uliowaleta majirani dirishani. Evans alinizungusha jikoni na mkate wake mkononi, tukagonga kabati, tukagonga jiko, na kwa dakika kadhaa sikuweza kusema neno lenye maana. Sijawahi kufurahi kijinga namna ile, na sitaki kuambiwa kwamba ni mteja mmoja tu.

Saa sita kasoro dakika mbili nikampigia Marion. Nilimwambia sirudi, kwamba kazi ninayoifanya naiweza kuliko watu wengi, na sikumwomba samahani.