Kidoti cha Bibi Harusi

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na kazi zake zilikuwa harusi za watu wanaojiweza tu: kumbi zenye zulia linalomeza visigino, maua yaliyokuja kwa ndege, keki ndefu kuliko mtoto wa darasa la pili. Bosi ndiye aliyepiga picha. Msichana waliyemwita Taratibu ndiye aliyezisafisha kwenye kompyuta, akiondoa chunusi, jasho, na wajomba waliopita nyuma wakitafuna. Jina hilo Bosi alimpa kwa kumcheka, maana aliweza kukaa saa nzima kwenye jicho moja. Siku hizi alilitamka kwa heshima kidogo.

Jumatatu asubuhi simu ililia, na Bosi akaacha kutikisa mguu. Hapo Taratibu akajua mambo yameharibika.

Alikuwa bibi harusi wa wiki iliyopita, yuko fungate na mumewe. Alikuwa ametumiwa picha chache za kuonja. Nzuri, alisema, lakini kidoti changu kiko wapi?

 Taratibu alikikumbuka: kitone cheusi shavuni, ukubwa wa kichwa cha pini. Alidhani ni wanja uliodondoka, akakifuta katika picha zote mia moja na kumi na mbili, tena akajipongeza. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, kila aliyoisafisha aliihifadhi juu ya ile ya mwanzo. Kadi za kamera Bosi alikuwa ameshazifuta kwa ajili ya harusi nyingine.

Bosi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba albamu inakwenda kuchapwa Ijumaa, na kidoti kiwe kimerudi mahali pake. Kisiporudi, Taratibu atafute kazi kwa watu ambao picha zao hazina wenyewe.

Kurudisha kitone si kazi. Kazi ilikuwa shavu lipi. Akifumba macho alikiona kulia. Akifumba tena, kimehamia kushoto. Alikumbuka kabisa kukifuta pande zote mbili, na wakati ule hakushangaa, kwa sababu Bosi ana mtindo wa kugeuza baadhi ya picha, kama mtu anavyogeuka kwenye kioo, ili kurasa mbili za albamu zitazamane. Lakini Bosi aliapa kwamba za harusi hii alikuwa bado hajageuza hata moja.

Ikabidi waulize mwenyewe.  Bibi harusi akajibu kwa ukali: wao ndio waliomtumbulia macho na kamera siku nzima, halafu wamuulize yeye? Akakata simu.

Bosi akamtafuta bwana harusi pembeni, mwanaume kwa mwanaume. Bwana harusi akacheka, akasema kushoto, mke wake huyo jamani, atamsahau vipi. Baada ya dakika kumi akapiga tena, sauti imepungua. Alikuwa amemwangalia mkewe akinywa chai, na kidoti kiko kulia. Aliomba maongezi yale ya kwanza yasimfikie mtu.

Taratibu akampigia mpambaji, mama mmoja asiyesahau uso, naye ndiye aliyevuruga kabisa.

"Mdogo wangu, uso ule niliufuta kwa pamba kwa mikono yangu hii. Ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kidoti gani?"

Usiku Taratibu hakulala vizuri. Watu watatu, mashavu mawili, na mmoja anasema hakuna kitu. Alianza kujitilia shaka macho, na macho ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Alhamisi Bosi alikuwa ametoka kupiga picha, na bibi harusi, aliyekuwa amesharudi kutoka fungate, akaingia studio peke yake. Macho ya Taratibu yalikwenda moja kwa moja mashavuni. Kulia hakuna. Kushoto hakuna. Kwa muda mfupi, na akili zake timamu, alidhani amekifuta hadi mwilini.

Bibi harusi aliuona mshangao wake, akafunga mlango.

"Dada, huwa nakichora," alisema. "Mume wangu hajui. Naamka kabla yake. Leo nimekifuta njiani."

Akakaa, akaeleza polepole. Mama yake alikuwa na kidoti cha kuzaliwa nacho. Alifariki yeye akiwa hajaanza hata kutembea, hakubaki na kumbukumbu yoyote ya uso ule ila picha moja. Picha hiyohiyo ilichapwa mara mbili: nakala moja alipewa na baba, nyingine na mama mkubwa. Na moja imegeuzwa. Akazitoa kwenye bahasha, akazilaza mezani. Mama yuleyule, tabasamu lilelile, kidoti huku, kidoti kule. Mama mkubwa hana uhakika. Baba alipoulizwa alisema ana shughuli.

"Kwa hiyo siku nyingine nachora huku, siku nyingine kule. Siku ya harusi asubuhi, mpambaji alipoondoka, nilichora kulia. Jioni nilipobadilisha gauni nikaingiwa na wasiwasi kwamba nimekosea, nikafuta, nikachora kushoto. Nilitaka awepo, dada, lakini sijui nilimweka wapi."

 Taratibu alivuta zile picha mbili karibu, akaziangalia kama anavyoangalia kila kitu, bila haraka, mpaka bibi harusi akaanza kuangalia saa. Mama alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, ameelekea kamera. Hakukuwa na maandishi popote, wala saa ukutani. Taratibu akanyoosha mikono hewani juu ya meza, mmoja ukashika kitambaa kisichokuwepo, mwingine ukazungusha gurudumu lisilokuwepo. Akarudia.

"Gurudumu la cherehani liko mkono gani wa mshonaji?"

Bibi harusi alifikiri, naye akanyoosha mikono.

"Kulia."

"Siku zote kulia. Sasa angalia. Hapa kidoti kiko upande wa gurudumu. Na hapa?"

Bibi harusi aliinamia nakala ya pili kwa muda mrefu.

"Upande wa gurudumu," alisema.

Alitoa penseli ya wanja kwenye mkoba.  Alizungusha tena gurudumu la hewani, ili asikosee, kisha mkono huohuo akaupandisha moja kwa moja shavuni.

Taratibu aliwasha kompyuta, akafungua picha ya kwanza. Hapo akakwama, maana kulia kwa bibi harusi ni kushoto kwa anayemtazama. Akazungusha gurudumu lake hewani, akaweka kitone. Akafungua ya pili, akazungusha tena. Bibi harusi alivuta kiti, akakaa naye bega kwa bega, akizungusha pamoja naye, picha baada ya picha.