Hapa Hapa Kiwandani

Shangazi alikuwa akilisukuma gogo kwenye msumeno mkubwa, jicho moja kwenye kazi, jingine kwa msimamizi. Bwana huyo alikuwa juu ya ngazi, anafunga kitambaa kipya juu ya lango: KANDA SALAMA KULIKO ZOTE. Wageni wa makao makuu walitarajiwa kabla ya saa ya chakula, na kiwanda cha mbao kilikuwa kimefagiliwa hadi pembe ambazo hazijawahi kuonja ufagio.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Walimwita hivyo kwa sababu ndiye mwanamke wa kwanza kushika msumeno ule, na kwa sababu hakuwa mtu wa kumezea. Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua. Kila kijana anayepanga mbao pale alipita mikononi mwake.

Usalama wenyewe ulikuwa na namna yake. Mtu akiumia, wenzake walimbeba mbio hadi nje ya lango, wakamlaza kando ya barabara, ndipo gari la wagonjwa lilipoitwa. Hospitali waliambiwa kagongwa na pikipiki. Kwa hiyo kiwanda hakikuwa na ajali, barabara ndiyo iliyokuwa na mkosi. Mume wa Shangazi naye alilazwa pale barabarani, mkono wake uliokatwa na msumeno ukaitwa wa pikipiki. Hakulipwa fidia hata ya bendeji.

Dereva aliyeleta magogo kutoka kanda ya milimani alikitazama kile kitambaa, akacheka.

"Sisi kila mwaka tunaongoza kwa ajali, mnatuita wazembe. Mnajua kwa nini? Kwetu muuguzi anakaa ndani ya kiwanda. Ukikwaruzwa tu, anakuandika."

"Kumbe mnaumia kama sisi?" Shangazi aliuliza.

"Sawasawa. Ila sisi tunaonekana."

Dereva alikuwa bado anacheka mnyororo wa lori lake, lililoegeshwa kando ya msumeno, ulipofyatuka. Gogo la juu likabingirika, likamwangusha Shangazi, likamsaga mguu chini ya goti.

Vijana wa kupanga mbao walikuja bila kuitwa. Waliliondoa gogo, mmoja akamshika mabega, mwingine kiuno.

"Niacheni."

"Shangazi, damu inatoka!"

"Naiona, ni yangu. Nifungeni mguu. Gari lije hapa."

Msimamizi alifika akihema, nyundo bado mkononi. "Shangazi, nakuomba. Wageni wako njiani. Wakubebe hatua chache tu, halafu nitakuja mwenyewe hospitali kukuona."

"Kama ulivyokuja kumwona mume wangu?"

"Kanda nzima inatutegemea!"

"Kanda ni nani? Kanda ni mimi niliyelala hapa."

Alikuwa ameushika mguu wa chuma wa meza ya msumeno kwa mikono miwili. Aliogopa. Aliogopa kuwa kilema, aliogopa hata kufa, lakini kila alipoukumbuka ule mchanga wa kando ya barabara, hasira ilimpa nguvu ya kushikilia.

"Utakufa kwa ubishi," kijana wa mabegani alimwambia, karibu kulia.

"Basi nitakuwa nimefia kazini. Funga huo mguu."

Kijana akavua shati, akaufunga, akaukaza. Dereva alikuwa ameshapiga simu. King'ora kiliposikika, msimamizi alimpigia kelele mlinzi asifungue. Mlinzi alimtazama, akamtazama mama aliyekuwa sakafuni, akafungua.

Muuguzi aliyekuja na gari alipiga magoti kwenye unga wa mbao. "Ameumia wapi?"

"Barabarani," msimamizi aliwahi kujibu. "Pikipiki, dada yangu. Tumemwingiza ndani kumsitiri tu."

Muuguzi aliwageukia vijana. Walikuwa na watoto, walikuwa na kodi za nyumba, na kazi nyingine haikuwepo mji mzima. Wakatazama viatu vyao. Shangazi alikuwa ameshawekwa kwenye machela na midomo ilikuwa imemkauka, lakini aliinua kichwa kuwaangalia mmoja mmoja.

"Hapa," alisema yule asiye na shati.

"Hapa hapa," akasema wa pili. "Gogo limemwangukia akiwa kazini."

"Sijawasikia," Shangazi alisema. "Niliwafundisha kusema mpaka msumeno uzidiwe."

Wakasema tena, wote, kwa sauti ile ya kazini. Magari ya wageni yalikuwa yamesimama langoni, vioo vimeshushwa.