Kastadi ya Mjomba Wilf

Mjomba wangu Wilf alikuwa na miaka sita alipoharibu mwisho wa dunia. Maneno hayo si yangu, ni ya mama yangu Thelma, ambaye ni dada yake, na ameyasema kila Krismasi tangu nipate akili.

Ilikuwa hivi. Mwaka sitini na moja, televisheni ya huku kwetu kaskazini mwa Uingereza ilikuwa na mchezo wa mfululizo ulioitwa Wakaaji wa Ukungu. Sehemu sita, kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu jioni. Ukungu unashuka juu ya mji wa viwanda vya nguo, mji kama huu wetu wa Todmorden, na ndani ya ukungu mna viumbe kutoka nyota nyingine. Viumbe wenyewe walikuwa watu waliovikwa mifuko ya magodoro, na mabomba ya mashine ya kufulia yananing'inia usoni. Ukiwatazama leo utacheka mpaka mbavu zikuume. Lakini mama anaapa kwamba wakati ule mtaa mzima ulikuwa unalala na taa zinawaka.

Mama alikuwa na miaka kumi na tatu na mchezo ule ulikuwa umemwingia kichwani kama homa. Siku zile kipindi kikishapita kimepita, hakuna pa kukitafuta. Kwa hiyo akafanya kama walivyofanya watoto wengi wa aina yake: akachukua rekoda ya babu, dude zito lenye kanda za magurudumu, akashika maikrofoni mbele ya spika ya televisheni nusu saa nzima mpaka mkono ukafa ganzi. Na kwa kuwa maikrofoni haichagui, nyumba nzima ilipigwa marufuku kutoa sauti. Babu alivuliwa viatu. Mbwa alipelekwa kwa jirani. Na Mjomba Wilf, ambaye mdomo wake haujapata likizo tangu azaliwe, alikuwa anapewa biskuti moja kila baada ya dakika tano ili mdomo uwe na shughuli.

Sehemu tano zilirekodiwa salama. Ya sita, biskuti zikaisha.

Basi huko kwenye sehemu ya sita, Profesa Hallam anaingia peke yake ndani ya chombo cha wale wageni. Anakaa humo weee. Anatoka, ukungu umemfunika miguu. Msaidizi wake, Bi Vane, anamuuliza, "Profesa, umeona nini humo ndani?" Profesa anageuka. Na hapo hapo, katikati ya sebule ya bibi yangu, sauti ya mtoto: "Mama, kastadi imebaki?"

Halafu muziki. Mwisho.

Miaka michache baadaye kampuni ya televisheni ikafuta kanda zake zote, ikarekodi juu yake sijui mashindano ya kupika au ya farasi. Picha ikapotea. Kilichobaki duniani ni kanda ya mama, na kwenye kanda ya mama jibu la Profesa limefunikwa na kastadi. Wapenzi wa mchezo ule wakaunda chama. Mama akawatolea nakala. Wamekuwa wanabishana miaka na miaka kuhusu alichoona Profesa. Mmoja anasema aliona mji wetu wenyewe, mwingine anasema alimwona Mungu. Mimi nina diploma ya umeme, watu wananiletea kila kitu chenye waya, na hata mimi nimewahi kukaa na mashine na nakala ya chama nikijaribu kuitenga sauti ya mjomba. Haitengeki. Mtoto alikuwa na mapafu yenye nguvu.

Mama ndiye aliyemzidishia mjomba lawama, maana alikuwa anasema neno la kwanza alilisikia kwa masikio yake. "Alisema 'Niliona,'" anasema kila Krismasi akishatuwekea kanda, kijiko hewani. "'Niliona...' halafu huyu bwana akaleta tumbo lake."

Mezani wote tunacheka, na Mjomba Wilf anacheka pamoja nasi. Ila mimi nina jicho la kuchungulia. Nilishagundua kwamba mjomba hali kastadi. Krismasi sisi tunamwagia pudingi kastadi, yeye yake anaimwagia maziwa. Na kwenye mikutano ya chama hajatia mguu hata siku moja.

Masika iliyopita, kopi ya filamu ya sehemu ya sita ikapatikana kwenye kabati la kanisa moja huko Cumbria, ndani ya bati la biskuti. Chama kikaamua kuionyesha hapa Todmorden, kwenye ukumbi wa kanisa letu, Jumamosi saa kumi na moja na nusu kama zamani, mama akiwa mgeni wa heshima. Nikatumwa kumchukua mjomba.

Nilimkuta anapiga rangi mlango wa banda ambao alikuwa ameupiga rangi wiki iliyotangulia.

"Siendi," akasema hata kabla sijamsalimia.

"Mjomba, ni dakika ishirini na tano tu."

"Russell, kuna watu wanatoka Bristol. Bristol! Mtu apande treni kutoka Bristol aje kuona kitu nilichomnyima miaka sitini na zaidi, halafu mimi nimekaa pale nakula sandwichi ya tango?"

"Hawakuchukii, mjomba. Wanakutania."

"Najua wananitania. Wewe ulishawahi kutaniwa kwa jambo la kweli?" Akaiweka brashi juu ya kopo. "Yule mzee aliyeigiza Profesa alikufa mwaka uliofuata. Yale ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwenye televisheni. Sasa je, kama alisema jambo zuri? Jambo la kumfaa mtu? Nimeendesha basi miaka thelathini na tano nikiwaza alisema nini."

Nikaligeukia gari langu pale nje. Mwishowe nikamwambia, "Basi kaa nyuma, karibu na mlango. Gari nitaligeuza litazame barabarani. Maneno yakiwa mazuri sana, tunatoroka."

Akanitazama. Akafuta mikono. "Liwe na mafuta," akasema.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama arobaini, wengi wenye mvi na beji. Mmoja alikuja amevaa mfuko wa godoro na bomba lake, akawa hawezi kunywa chai. Mjomba alishusha kofia mpaka kwenye nyusi, lakini mama anamjua mgongo wake.

"Wilf! Umekuja!" akapaza sauti kutoka kiti cha mbele. "Umekula lakini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Masikio ya mjomba yakawa mekundu kama tufaa. Nikamshika mkono wa koti asije akaondoka.

Taa zikazimwa, na jamani, raha iliyoje. Miaka yote tulikuwa tunasikia tu kelele za "krrr, krrr", sasa tukaona kwamba ni mlango wa chombo cha anga, ubao uliopakwa rangi ya fedha, na unapofungwa ukuta wote unatikisika. Mkaaji mmoja wa ukungu alikuwa na zipu mgongoni. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya zipu. Mama alikuwa anatamka maneno ya kila mwigizaji chinichini, sekunde moja kabla yake, kama mtu anayesali.

Profesa akaingia kwenye chombo. Akatoka. Hata mimi nikasogea ukingoni mwa kiti. Mjomba alikuwa amenikamata paja.

"Profesa," akasema Bi Vane, "umeona nini humo ndani?"

Profesa akageuka, na watu arobaini, kwa sauti moja, kama kwaya, wakapiga ukelele:

"MAMA, KASTADI IMEBAKI?"

Halafu muziki. Mwisho.

Watu wakaziba midomo kwa viganja. Unajua, watu hawa wameisikiliza kanda ile tangu ujana wao. Kwao hapo ndipo kastadi inapokaa, mdomo unafunguka wenyewe kama kuitikia amina. Na sasa wametoka Bristol na kwingineko, wameketi mbele ya filamu pekee iliyopo duniani, na jibu wamelifunika tena kwa midomo yao wenyewe.

"Kuna aliyesikia?" mtu akauliza kwa unyonge.

Hakuna aliyesikia. Mama akasimama. "Wapumbavu nyinyi!"

"Thelma," akajibu mwenye godoro, "na wewe umesema. Nimekusikia."

Mama akakaa.

Ndipo nikasikia pembeni yangu sauti kama chai inayochemka. Ni mjomba. Alikuwa anacheka, kofia imeanguka, machozi yanatiririka. "Arobaini!" akasema. "Mimi nilikuwa mmoja, tena mtoto!" Akainuka, akachukua sahani ya biskuti kwenye meza ya chai, akaanza kupita mstari kwa mstari. "Chukua. Tia mdomoni. Usitafune mpaka niseme. Na wewe. Wa Bristol ni yupi? Wewe chukua mbili." Akafika kwa mama, akamwekea biskuti mkononi. "Na wewe dada. Hii dawa unaijua."

Filamu ikarudishwa nyuma. Watu arobaini, mashavu yamevimba, kimya. Bi Vane akauliza.

Profesa akageuka. Akafungua mdomo.

Hakusema kitu. Alisimama vile vile, mdomo wazi, macho yakaenda kushoto polepole kama ya mtu anayetafuta miwani, yakarudi. Akafunga mdomo, akameza mate. Muziki ukaingia.

"Amesahau!" akasema mmoja, makombo yakimruka. Siku zile walikuwa wanaigiza moja kwa moja hewani; ukisahau umesahau.

"Asahau wapi? Huo ndio uigizaji! Alichokiona hakisemeki!"

Wakaanza kubishana, na nikaona kwenye nyuso zao zenye furaha kwamba chama kina kazi ya miaka sitini mingine. Mjomba hakubishana. Alikuwa amekaa kiti cha mbele karibu na mama, mikono juu ya magoti, anatazama kitambaa cheupe ambacho hakikuwa na picha tena.

"Sikuharibu kitu," akasema taratibu. Kisha akamgeukia mama. "Dada. Alisema 'Niliona', sivyo?"

Mama akawa anafuta makombo kwenye sketi.

"Thelma."

"Nilikuwa mtoto," mama akasema. "Labda nilisikia mlango wa chombo."

"Hmm. Mlango."

Tulirudi kwa mama, kumbe njia nzima alikuwa anafikiria, maana alipovua koti alikwenda moja kwa moja jikoni, akateremsha bati la unga wa kastadi, akabandika maziwa. Mjomba akabaki sebuleni na mimi. Rekoda ya babu ilikuwa mahali pake, na kanda iko juu yake.

"Iwashe," mjomba akaniambia. "Leo naweza kuisikiliza bila kuumwa tumbo."

"Ikifika kwenye kastadi izime!" mama akaita kutoka jikoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya kila Krismasi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, neno likitoka tu, tap. Hata nakala za chama zinaishia hapo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Mama, kastadi imebaki?" ikasema kanda. Mjomba akaufunika mkono wangu kwa wake.

"Russell! Zima!" mama akapiga kelele. Lakini kastadi huwezi kuiacha ikiwa motoni, ukigeuka tu inafanya madonge. Alikwama pale na mwiko wake.

Muziki ukalia mpaka mwisho. Halafu, karibu kabisa na maikrofoni, sauti ya mwanamke kijana ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu ikasema, "Hakuna, mwanangu. Thelma kaimaliza yote, na sufuria kairamba."

Mjomba hakucheka. Alisogeza kiti karibu na rekoda. "Irudishe," akasema. "Nimsikie mama."

Nikairudisha. Tukaisikiliza mara tatu. Mara ya nne mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli kubwa, lile la kuhudumia watu wanane, limejaa mpaka ukingoni na linatoa mvuke. Akaliweka mbele ya mdogo wake, akampa kijiko.

"Kula. Usiseme kitu."

"Na wewe je?" mjomba akauliza.

"Mimi nilishakula yangu," mama akasema. "Na yako."