Meno ya Kija

Shingo yangu iligoma wiki ileile niliyoihitaji kuliko zote. Jonathan, msimamizi wa banda letu la nyavu pale Pasiansi, alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa kila mmoja atashona wavu mbele yake, na wazembe wasiomaliza kwa wakati wataenda nyumbani. Kiwanda cha nguo kilishanipunguza mwaka uliotangulia. Nina watoto watatu. Sikuwa tayari kupunguzwa tena.

Alhamisi nikaenda Mirongo kwa mama Paskazia, mkandaji. Nilimwamkia, nikakaa mkekani. Akakishika kichwa changu kwa mikono miwili, tayari kukizungusha. Niliogopa kweli.

"Uma meno, Kija," akasema.

Nikauma. Taya likalia karibu na sikio, maumivu yakashuka hadi begani. Mama Paskazia akaniachia.

"Achama. Polepole." Akabonyeza mbele ya sikio, nikapiga kelele. "Nyuzi unakata na nini?"

"Meno. Visu wamekataza, vinaibwa."

"Upande mmoja?"

"Huu huu unaouma."

"Basi shingo yako siigusi. Taya ndilo linaloivuta. Kunywa uji, na nailoni usiume tena, la sivyo utakandwa mpaka uzeeke."

Nilitoka na hasira. Ni rahisi kushauri ukiwa huna Jonathan. Lakini njiani, kwenye meza za vitu vya nje vilivyojaa mjini siku hizo, nikanunua kikata kucha.

Ijumaa Jonathan alisimama nyuma yangu. Nikafunga fundo la kwanza, na mkono wenyewe ukapeleka uzi mdomoni. Nikauzuia. Nikafungua pindo la khanga, nikatoa kikata kucha, nikakata.

"Nini hicho?"

"Cha kucha, bosi. Siyo kisu."

Akakigeuzageuza akitafuta kosa, akalikosa. Akanirudishia.

Nilikuwa wa pili kutoka mwisho, shingo inawaka moto, lakini nilimaliza. Jonathan akaandika jina langu kwa wanaobaki.

Tuliporudi kwenye kazi ya kila siku, Bernadeta, tunayekaa naye bega kwa bega, akaniita. Hakugeuza kichwa, aligeuka mwili mzima. Nikatazama banda lote. Wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na uzi kati ya meno, na wengi wao mkono mmoja uko shingoni. Mwaka mzima tulikuwa tukiulaumu upepo wa ziwa.

"Niazime," akasema Bernadeta.