Ulimi wa Wilber

Wilber Amaya alipelekwa Los Angeles akiwa na miaka mitatu, mgongoni mwa mama yake. Akarudishwa kwao San Salvador akiwa na miaka thelathini na tisa, pingu mikononi. Kati ya hapo alijifunza mambo mengi ya kijinga na moja la maana: Kiingereza. Hakukisoma. Kilimwota kama ndevu.

Ndicho kilichompatia kibarua katika ofisi ya simu ya Bwana Evelio, ambako vijana hupokea malalamiko ya Wamarekani wenye friji mbovu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti na kuongea. Basi. Aongee kuhusu mpira, mvua, maumivu ya jino, chochote, mradi asiongee taratibu. Wanafunzi kumi na wawili waliokuwa wakiandaliwa kupokea simu hizo walimrekodi, kisha wakamchambua kama dagaa. Sentensi moja waliirudia mara arobaini. Walipiga mstari kwa penseli pale alipomeza herufi, pale alipounganisha maneno mawili, pale sauti ilipopanda na pale ilipoanguka. Halafu walisema pamoja naye, pumzi kwa pumzi, wakigonga meza kushika mapigo.

"Vitabu vyenu viliwadanganya," aliwaambia. "Mmarekani hatamki kila neno. Ana haraka, ana njaa, nusu ya sentensi anaitafuna. Ukimsubiri amalize, ameshakata simu."

Aliyeishika sauti yake kuliko wote ni Yanira, mama wa watoto wawili aliyekuwa akiuza viatu sokoni. Wiki ya kwanza alivua hedifoni akazitupa mezani. "Mwalimu, huyu si mtu, ni nyuki!" Wiki ya sita alikuwa akicheka utani wa Wilber kabla hajaumaliza.

"Fumba macho umsikilize," wenzake walimtania. "Ni Wilber aliyevaa sketi."

Bwana Evelio alikuwa ameahidi: wakifaulu kumi, Wilber anaajiriwa, anapewa mkataba na kitambulisho chenye picha. Mshahara ulikuwa mzuri, lakini si huo uliomkosesha usingizi. Shingoni alikuwa na jina la mama yake, limechorwa tatuu kwa herufi nene, upuuzi wa ujana. Kila wiki askari walimsimamisha, wakamvua shati barabarani, wakamuuliza yeye ni wa genge gani. Wenzake wawili waliorudishwa naye walipakiwa kwenye gari wakiwa wanakunywa soda, na mpaka leo mama zao wanazunguka na picha. Mwenye kitambulisho cha kampuni huulizwa, kisha huachwa. Wilber alitaka hicho tu: kuachwa.

Siku ya mtihani, mteja mkubwa wa kampuni, mama mmoja wa Texas aitwaye Lorna, aliwahoji kwa simu, spika ikiwa wazi darasa zima lisikie. Aliongea mbio, akitafuna kitu. Wanafunzi hawakubabaika. Wilber alisimama nyuma akihesabu kwa vidole. Kumi na mmoja wakajibu bila kuomba arudie hata mara moja.

Kisha Lorna akamwambia Evelio, kwa Kiingereza kile kile cha mbio, "Wanaelewa ajabu. Lakini mbona wote wanaongea kama watu waliotoka jela? Wateja wangu watakimbilia kuficha pochi." Akacheka.

Hapakuwa na haja ya mtu kumtafsiria mwenzake. Wote walisikia kila neno, mpaka lililomezwa.

"Wewe binti wa mwisho," Lorna akamwita Yanira. "Hayo umejifunzia wapi?"

Yanira hakugeuka nyuma. "Kwenye sinema, mama."

Evelio alimtoa Wilber hadi kwenye korido. "Hukukosea, kaka. Tatizo ndilo hilo. Umewapa chako chote."

"Si uliniambia niongee kama ninavyoongea?"

"Nilitaka Kiingereza cha Marekani."

"Na mimi nilikitoa wapi, Ujerumani?"

"Cha Marekani ile nyingine," Evelio alisema, akitazama saa. "Nimepata rekodi za mtangazaji mmoja wa Ohio. Watarudia mtihani baada ya wiki mbili. Wewe pitia dirisha la mhasibu uchukue malipo ya siku zako."

Yanira alimfuata hadi kituo cha basi, akihema.

"Mwalimu, ningesema nini?"

"Ungesema Wilber."

"Nina watoto."

"Najua. Na mimi nina shingo."

Basi likapita, hakuna aliyelisimamisha.

"Rekodi zako wametuambia tuzifute," Yanira alisema.

"Umefuta?"

"Wanakagua simu moja moja, mwalimu."

"Basi futa, mama. Usiniulize ruhusa kana kwamba ninayo."

Yanira aliingiza hedifoni masikioni, akawasha rekodi ya yule mtangazaji, akarudi ofisini. Wilber alimsikia akianza mazoezi njiani, polepole, kila herufi mahali pake, kama mtu anayepanga sahani za kuazima. Akakosea mara moja, sauti ikamponyoka ikawa ile ya zamani. Akajikemea, akaanza upya.

Mbele, kwenye kona ya duka la dawa, askari watatu walikuwa wamewapanga vijana ukutani. Wilber alifunga kifungo cha juu kabisa cha shati, jua la saa saba likimchoma utosini, akageuka kupita njia ya mlimani, nyuma ya mafundi matairi. Njia hiyo humlia saa nzima.