Aliyewatazama Wenzake

Geneva Maddox alikuwa amebakiwa na Jumamosi hiyo tu. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Kurudi Nyumbani: watoto wa jimbo la Georgia wangemiminika kutoka Detroit na Chicago, na ubao mpya wa majina ya wahubiri ungefunuliwa kanisani. Jina la Zilpha, mama wa babu yake, halikuwamo. Aliyekuwa akiupaka rangi ubao huo ni Shemasi Thurlow Gaines, mtu mwenye kichwa kigumu kama kokwa ya pichi, naye alishakata shauri: Zilpha alifagia kanisa, hakuhubiri.

Kubishana naye Geneva alikwishachoka. Akamfuata makaburini na kumtega kwa majivuno yake mwenyewe.

"Shemasi, ati hakuna kaburi humu usilolijua?"

"Dada Geneva, hawa wafu wananijua kuliko mke wangu."

"Haya. Si unaujua ule mchezo wa kusaka vijisanduku kwa ramani ya simu? Nimeficha changu humu. Kipate, na pai nzima ya viazi vitamu ni yako."

"Safari hii usiiunguze," Thurlow alisema, akiipokea simu ya Geneva, yenye ramani na mafumbo matatu.

Fumbo la kwanza lilimpeleka kwa mkunga, kwenye kaburi lililopambwa makombe ya chaza wa pwani. Alilifumbua huku akitembea. La pili lilihusu askari aliyerudi kutoka vitani, akakatazwa kupiga kura, akaenda kupiga hivyo hivyo. Thurlow alivua kofia na kulitaja jina lake lote bila kulitazama jiwe. Geneva aliona fahari. Mkaidi huyu aliwapenda watu wao kwelikweli, na tumaini lake lote lilikuwa hapo.

La tatu liliwafikisha chini ya mwerezi, mahali ambapo Geneva alikuwa amefyeka miiba iliyolificha kaburi moja mwaka huo. Thurlow akasoma kwa sauti: "Wote humu wamelazwa wakitazama mawio. Mmoja anawatazama wao. Kazi yake ilikuwa nini?"

Akacheka. "Hili ni la watoto wa shule ya Jumapili. Huyo ni mhubiri. Parapanda ikilia, kundi litainuka likitazama mashariki, na mchungaji atainuka akilitazama kundi lake. Mwingine halazwi hivyo hapa kwetu. Hata mimi sitalazwa hivyo."

"Una hakika?"

"Kama ubatizo wangu."

Kweli, jiwe la kichwani lilikuwa upande wa mashariki, kinyume na mengine yote. Thurlow akainama, akakitoa kijisanduku nyuma yake, kisha akalipangusa kuvu kwa kiganja. Zilpha Maddox.

Geneva alidhani angecheka siku hii ikifika, kumbe machozi yalimtangulia.

"Waliomzika walikuwa kundi lake," alisema. "Walikatazwa kumwita mhubiri kwa mdomo, wakasema kwa majembe."

Thurlow aliandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya kijisanduku, kama afanyavyo kila mpataji.

"Ubao umejaa," alisema. "Nafasi imebaki chini tu."

"Aliyewatangulia wote hawekwi chini."

"Kwa hiyo niyafute majina yote nianze upya?"

"Jua bado liko juu, Shemasi."

Thurlow akavaa kofia, akalitazama jiwe, akaivua tena.

"Hiyo pai uilete kanisani," alisema. "Na kahawa. Leo sitarudi nyumbani mapema."